Msemaji wa Wageni Wawili

Nyumbani kwa Mzee Amoateng, pale Ahyiaso, kijiji cha Waasante, neno halisemwi mara moja. Ukitaka kumsalimia mzee, unamsalimia Dwomoh, msemaji wake, aliyekaa kulia kwake, na Dwomoh humgeukia mzee, aliye hatua moja tu kutoka hapo na mwenye masikio mazima, akamwarifu kwamba umemsalimia. Mzee hujibu kwa Dwomoh, naye Dwomoh hukurudishia wewe, akiwa ametia chumvi na asali njiani. Ndivyo anavyosemeshwa mkuu wa ukoo. Hata moto ukishika paa, itabidi mtu akae, anywe maji, aulizwe habari ya safari yake, ndipo aeleze kupitia kwa Dwomoh kwamba nyumba inaungua. Na hili la moto sitanii. Lilitokea kweli, na jiko la Mama Achiaa likajengwa upya.

Jumamosi moja ukoo ulikuwa unakwenda kumzika bibi mmoja wa huko Mampong. Ua ulijaa watu wenye mashuka meusi na mekundu. Gari la mzee, ambalo ndilo peke yake pale uani lililokuwa linawaka, lilikuwa limebebeshwa viti vya plastiki juu ya paa, na mbele limevikwa bango la marehemu akitabasamu, chini yake majina ya watoto na wajukuu na nchi za ng'ambo wanakoishi. Jina la Antwiwaa lilikuwa mwishoni kabisa, baada ya mjukuu anayeuza vipuri Italia, na pembeni yake wameandika: *bado anasoma*.

Antwiwaa ni binti wa Mama Achiaa, dada wa mzee. Ana miaka arobaini. Ni daktari bingwa wa mama mwenye mimba ya hatari na wa mtoto aliye tumboni, na wa aina yake nchini hawajazi benchi la kanisa. Lakini ukoo ulimjua kwa jina moja tu, Daktari wa Wasiofika. Kwa Waasante mtoto ni mgeni mpaka siku ya nane. Kabla ya hapo hana jina, wala hakuna anayejua kama amekuja kukaa au amepita tu. Sasa daktari wa mtu ambaye hata ugeni wake haujaanza, huyo anatibu nini?

Aliingia saa moja asubuhi kwa teksi kutoka Kumasi, amevaa nyeusi kama wengine. Teksi ikageuza ikaenda zake. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mdogo wake Pokuaa, mwenye mimba ya mapacha ya wiki thelathini na mbili, na alipofika mlangoni akasimama.

"Tangu lini liko hivi?"

Pokuaa alikuwa amekaa kitandani ameegemea mito mitatu, akihema. Tumbo lake lilikuwa limejaa mpaka ngozi inang'aa.

"Tangu Jumanne. Dada, usinitolee macho. Ni mapacha, wanakua."

"Mapacha hawaumuki kwa siku nne kama maandazi. Unapumua vizuri?"

"Nikikaa, napumua. Nikilala, sipumui. Basi nakaa."

"Ulipigwa picha?"

"Alhamisi!" Pokuaa akachangamka, akatoa karatasi kwenye pochi. "Mama ameionyesha kanisa zima. Tazama, huu mkono wa mdogo. Kila mtu anasema ni mkono wa Mjomba."

Antwiwaa hakuutazama mkono. Alisoma maandishi yaliyo chini ya picha, akayasoma tena. Pacha wa kwanza, maji mengi mno. Pacha wa pili, maji hayaonekani. Kondo moja la nyuma kwa wote wawili. Aonwe na daktari bingwa wa mimba siku hiyo hiyo.

"Haya maandishi nani ameyasoma?"

"Yasomwe ya nini? Si ni picha."

"Yanasema uende kwa bingwa, Pokuaa. Juzi!"

"Bingwa ndiye nani?"

"Ndiye mimi."

Alitoa kwenye mkoba pembe yake ya mbao, ile wakunga wanayosikilizia moyo wa mtoto. Alipewa na mkunga mmoja mzee mwaka wake wa kwanza wa kazi, na haikuachana naye hata baada ya mashine kuja. Akaiweka upande wa kulia, akasikiliza. Akaiweka upande wa kushoto, akasikiliza, akahesabu kwa saa yake, akasikiliza tena mpaka Pokuaa akaacha kutabasamu. Moyo wa kushoto ulikuwa unakwenda polepole, unasita, unakwenda.

"Tunaondoka sasa hivi. Kumasi, chumba cha upasuaji."

"Sitoki bila neno la Mjomba."

"Pokuaa!"

"Dada, wakinipasua bila neno la mzee, halafu mtoto apatwe na kitu, nitaishi wapi? Wewe una nyumba Kumasi. Mimi naishi humu."

Mumewe, Kusi, alikuwa amesimama dirishani akipindapinda kofia. Antwiwaa akamgeukia. "Shemeji, mwambie."

"Nimwambie kama nani?" Kusi alitaka kulia. "Mimba ni yangu, lakini mtoto hufuata ukoo wa mama; hawa ni wa ukoo wenu. Mimi hapa ni mkwe. Na ufunguo wa gari uko kwenye pindo la shuka la mzee."

Antwiwaa akapiga simu ya gari la wagonjwa. Akaambiwa kwa upole kwamba gari liko njiani na mgonjwa mwingine, asubiri muda wa saa tatu hivi. Akakata simu, akatoka uani akikimbia, pembe kwapani, viatu vyake vya msibani mkononi.

*

"Mjomba, nahitaji gari, Pokuaa ..."

"Ah!" Dwomoh aliinua fimbo yake yenye kichwa cha dhahabu ya rangi. "Nani huyo anayemrukia mzee kama kuku aliyekanyagwa? Mpeni kiti."

Akaletewa kibao cha jikoni, kwa kuwa viti vyote vilikuwa juu ya gari. Akaketi, magoti yakamfika kidevuni. Akaletewa maji. Akayanywa kwa mkupuo mmoja.

"Polepole," alisema Mzee Amoateng kumwambia Dwomoh. "Haraka haraka haina baraka."

"Mzee anasema, maji hayakimbizwi, hata mto Ofin ulichukua muda kufika ulipo. Huku kwetu ni salama. Ninyi ndio wenye safari. Mna habari gani?"

"Pokuaa anatakiwa kupasuliwa leo. Mtoto mmoja anakufa."

Dwomoh akamgeukia mzee. "Binti anasema, katika chungu chetu kuna wali wa watu wawili, na sahani moja inaelekea kupoa."

"Sikusema wali!"

"Nimeusikia," mzee akajibu taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima niliseme. Alikuwa amezika wengi, na aliogopa kukosea mbele ya watu. "Muulize, anayesema hivi anasema kama nani?"

"Kama daktari," akasema Antwiwaa.

"Daktari!" Wazee waliokuwa kwenye mkeka wakatazamana. Mmoja wao akapandisha mguu wa suruali. "Basi nitazame hili goti. Tangu Pasaka."

"Mzee wangu, mimi si wa magoti."

"Mtoto wa Boahen alisomea udaktari miaka mitano tu, na goti anatibu. Jino anang'oa. Hata mbuzi wangu alimtibu."

"Mtoto wa Boahen anauza dawa dukani!"

"Lakini amemaliza shule," mzee wa goti alisema, na mkeka mzima ukaguna kukubali.

Hapo ndipo lilipokuwa jeraha la ukoo. Mzee Amoateng akamwambia Dwomoh amhesabie binti, ili lijulikane leo. Miaka mingapi alikaa chuo cha udaktari?

"Sita."

"Akamaliza?"

"Nikamaliza. Halafu miwili ya mafunzo wodini chini ya wakubwa."

"Alirudia," mzee wa goti alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Sikurudia! Kisha mwaka mmoja wilayani, peke yangu, na jenereta mbovu. Kisha mitatu ya akina mama na uzazi. Nikafanya mtihani, nikafaulu. Kisha miwili ya ubingwa. Nikafanya mtihani, nikafaulu. Kisha miwili ya hawa walio tumboni."

Dwomoh alikuwa anahesabu kwa vidole, akamaliza mikono, akatazama miguu. "Mzee, binti anasema miaka kumi na sita. Anasema kila alipofaulu alirudishwa darasani."

"Hivyo ndivyo ilivyo," akasema Antwiwaa, na yeye mwenyewe akaona inavyosikika.

"Tunasema *bado anasoma*, anakasirika," mzee alimwambia Dwomoh, kwa huzuni ya kweli. "Muulize. Mwili wa mtu una macho, una masikio, una tumbo. Kwa nini asichague kiungo kinachoonekana? Kwa nini akachague mtu asiyekuwapo?"

Antwiwaa alisahau kupitia kwa Dwomoh. "Sikuchagua, Mjomba. Nilichaguliwa nikiwa na miaka saba, jikoni humu humu, wakati mama amevaa nyeupe anakula mchuzi wa karanga, na wewe umesimama mlangoni unamwambia asilie."

Kwenye mlango wa jiko Mama Achiaa alikuwa ameshika sufuria. Kila mtu pale alijua habari ya mtoto wake wa kiume aliyekaa siku tatu tu, akafa. Mgeni aliyepita haliliwi. Wazazi wake huvaa nyeupe, hula mchuzi wa karanga, hujionyesha kuwa na furaha, ili asijione wa maana akaja tena kuwasumbua. Ilikuwa miaka thelathini na mitatu, na hakuna aliyewahi kuyataja hayo uani.

Dwomoh alimgeukia mzee ayarudie, akaishia kupangusa kichwa cha fimbo yake.

"Goti," alisema mzee wa goti hatimaye, "linauma zaidi asubuhi."

Antwiwaa alisimama. Angeweza kulia, angeweza kutukana, angeweza kumburuta Pokuaa mpaka barabarani. Kutoka mlangoni pa chumba Kusi aliita kwamba Pokuaa midomo inabadilika rangi. Antwiwaa akatazama kikombe kitupu mkononi mwake. Halafu akatoka nje ya lango, moja kwa moja, kama mtu anayeondoka.

"Amekasirika," alisema mzee. "Mwambieni ..."

Lango likagongwa. Mara tatu.

*

Alisimama pale langoni akiwa amevaa viatu, shuka lake jeusi amelifunga vizuri begani, na ile pembe ya mbao ameishika wima mbele yake, kama Dwomoh anavyoshika fimbo.

"Agoo," alibisha hodi.

"Amee," Dwomoh aliitikia kabla hajafikiri, maana hodi haiachwi hewani. "Nani?"

"Msemaji. Nimetumwa na wageni wawili waliomo ndani ya nyumba hii. Wao wenyewe hawawezi kusema bado. Wana ujumbe kwa mkuu wa ukoo."

Dwomoh alimtazama mzee. Mzee alimtazama Dwomoh. Jambo lilikuwa zito. Daktari unaweza kumuuliza vyeti. Mpwa unaweza kumwambia akae kimya. Lakini msemaji aliyetumwa haulizwi amesoma wapi. Anapewa kiti, maji, na masikio. Kumkataa msemaji ni kumkataa aliyemtuma, na ukoo wa Amoateng haujawahi kufanya hivyo tangu uwepo.

"Kiti!" Dwomoh alipiga kelele. "Kiti cha kweli! Shusheni kimoja!"

Kikashushwa, na vingine sita vikaanguka nacho. Antwiwaa akaketi. Akaletewa maji.

"Vikombe viwili," akasema. "Walionituma ni wawili."

Vikaletwa viwili, vimejaa. Akavishika, kimoja kila mkono, akaviinua juu watu wote waone. Kisha, bila kusema neno, akamimina cha kushoto ndani ya cha kulia. Maji yakajaa, yakafurika, yakamwagika kwenye mkeka, yakamlowesha mzee wa goti, naye akamimina tu mpaka tone la mwisho. Akaweka kikombe kitupu miguuni pa Mzee Amoateng.

"Wageni wanasema hivi," aliendelea. "Tumekuja wawili, mlango mmoja, tunakula chungu kimoja. Mwenzangu amepewa maji yote, anazama. Mimi sijapewa tone. Nimebanwa ukutani, nguo imenikauka mwilini. Tumengoja tangu Jumanne. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na tumbo lenyewe ni la mama yetu. Tunamuuliza mwenye nyumba, ndivyo wanavyopokelewa wageni hapa?"

Dwomoh alimgeukia mzee. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Mzee," alisema, na safari hii hakutia kitu, "kuna mgeni nyumbani kwako hajapewa maji."

Mzee Amoateng alisimama, shuka likamdondoka nusu, kifua kikabaki wazi.

"Nani?" alifoka mwenyewe, moja kwa moja, uani mzima ukashtuka. "Nani kamnyima mgeni maji nyumbani kwangu? Tangu Jumanne! Mimi nimekaa hapa nakunywa, mgeni ana kiu! Kusi! Umesimama nini kama nguzo? Mbebe mkeo! Ufunguo huu hapa! Teremsheni viti!"

"Mjomba, umenipa neno lako?" Pokuaa aliuliza alipopitishwa, amebebwa na wanaume wanne.

"Nimekupa, nimekupa yote, nenda!"

*

Viti vilishushwa nusu tu. Bango halikukumbukwa na mtu. Basi gari likashika barabara ya Kumasi na marehemu anatabasamu mbele, viti vinagongana juu, Kusi anapiga honi, na Pokuaa kiti cha nyuma ameegemezwa kifuani kwa dada yake, pembe iko tumboni. Kwenye kizuizi askari walivua kofia wakafungua njia. Malori yakakaa pembeni. Na wale waombolezaji wa mabasi mawili waliokuwa wakingoja njia panda, walipoona bango la bibi linapita kasi, walidhani msafara umeanza na njia imebadilishwa. Wakalifuata.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba hospitali kuu, mlango wa wazazi, ikapokea mama mmoja mjamzito na watu themanini wenye nguo za msiba, ngoma zikilia.

"Maiti iko wapi?" aliuliza mlinzi.

Dwomoh alishuka kiti cha mbele na fimbo yake. "Hatuna maiti. Tuna wageni wawili, na mmoja ana kiu."

Juu, Antwiwaa alikuwa ameshanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Madaktari na wauguzi wake vijana, aliowapigia simu njiani, walikuwa wamejipanga, na walipomwona walisogea kumpisha bila kuambiwa. Hakuna aliyemuuliza alisoma miaka mingapi. Akamtazama Pokuaa, aliyekuwa anamtazama yeye kwa hofu, akamwambia, "Mimi niko hapa." Mikono yake ilikuwa imetulia. Moyoni alikuwa anaogopa kama mtoto wa miaka saba.

Wa kwanza alitoka akilia, amevimba maji. Wa pili alitoka mkavu, mweupe, mdogo kama mhogo wa kuchoma, na hakulia. Walimpulizia hewa. Walihesabu. Chini uani watu themanini waliacha kupiga ngoma bila kujua kwa nini. Kisha yule mdogo akatoa sauti moja, nyembamba, ya mtu aliyeudhika sana.

Bibi wa Mampong alizikwa wiki mbili baadaye. Wajuao walisema hakuwahi kuonekana na haraka hata alipokuwa hai.

*

Siku ya nane wachanga walikuwa bado kwenye masanduku yao ya kioo yenye joto. Mzee Amoateng alikuja na Dwomoh na Mama Achiaa, ameshika kikombe cha maji na chupa ya kinywaji kikali, maana mtoto akipewa jina huonjeshwa vyote viwili, ili akikua awe mkweli, akisema maji yawe maji.

"Haviingii humu," alisema sista wa wodi. "Hata tone."

Dwomoh alianza kumweleza sista ni nani hasa mkuu wa ukoo. Sista akamwambia hata mkuu wa nchi. Mzee akakubali. Akasimama nje ya kioo, akachovya kidole kwenye maji, akakigusisha kiooni upande wa yule mdogo kwanza. Kisha upande wa mkubwa. Wakapewa majina. Mama Achiaa akapiga kigelegele kidogo, cha hospitali.

Mzee hakuondoka. Alisimama muda mrefu akitazama kifua cha yule mdogo kinavyopanda na kushuka.

"Antwiwaa," akasema.

Antwiwaa, aliyekuwa amesimama kando yake, alishtuka. Mjomba wake hakuwahi kumwita jina bila kupitia kwa mtu.

"Miaka sita," alisema mzee, akihesabu kwa vidole vyake mwenyewe. "Miwili. Mmoja, wa jenereta mbovu. Mitatu. Miwili. Miwili. Nimekosea?"

"Hujakosea, Mjomba."

"Yule mwingine," alisema. Alikuwa anatazama kioo tu. "Wa siku tatu. Kama wakati ule angekuwapo mtu wa miaka yote hiyo. Angekaa?"

Antwiwaa alifikiria kumwambia kwamba haijulikani, kwamba ni zamani, kwamba kila mimba ina yake. Yote yangekuwa kweli. Nyuma yao Mama Achiaa alikuwa amesogea karibu.

"Pengine angekaa, Mjomba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Akainamisha kikombe, maji yakatiririka polepole kwenye sakafu nyeupe ya wodi.

"Yaw," alisema, jina la mvulana aliyezaliwa Alhamisi. "Ulifika siku ya Alhamisi. Sijasahau. Yaw, maji haya hapa. Unywe."

Na Mama Achiaa akalia. Alilia kwa sauti, kama anavyoliliwa mtu mwenye jina, ameshika kioo kwa mikono miwili, na hakuna aliyemkataza.

Sista alitokea mwisho wa ukumbi na dekio mkononi. "Nani amemwaga maji hapa?"

Dwomoh alijinyoosha, akakohoa, akainua fimbo. Mzee Amoateng akamshika mkono akaushusha.

"Ni mimi, mwanangu," akasema mwenyewe, akanyoosha mkono kupokea dekio.